Tuzo ya kocha wa soka la wanawake isihesabu makombe tu, ihesabu pia wasichana

Tarehe 16 Desemba 2024, mjini Marrakech nchini Moroko, Kongo ilitajwa mara mbili usiku mmoja. TP Mazembe ya Lubumbashi ilitangazwa klabu bora ya mwaka ya wanawake barani Afrika, na kocha wake, mama Lamia Boumehdi, akatangazwa kocha bora wa mwaka wa soka la wanawake. Wiki tatu kabla, tarehe 23 Novemba, timu hiyo ilikuwa imeifunga AS FAR bao 1-0 katika fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Wanawake ya CAF, tena nyumbani kwa AS FAR, huko huko Moroko. Ilikuwa mara ya kwanza kwa klabu ya Kongo kulibeba kombe hilo.

Lubumbashi ilishangilia, na ilikuwa na haki. Hata huku Kivu, kwenye redio ndogo za betri, habari ile ilifika na watu wakafurahi. Wiki sita baadaye, mwishoni mwa Januari 2025, vita vikaingia Goma. Mwezi Februari kambi za wakimbizi wa ndani pembezoni mwa mji, kama Bulengo na Lushagala, zikabaki tupu, watu wakiambiwa warudi makwao, wengine wakiwa hawana kwao pa kurudi. Mwezi huo huo ikawa zamu ya Bukavu. Timu za wasichana zilizokuwa zikifanya mazoezi mitaani na kambini zikatawanyika pamoja na familia zao: mmoja Minova, mwingine Uvira, mwingine Burundi, mwingine Uganda, mwingine hajulikani aliko.

Mambo hayo mawili, sherehe ya Marrakech na kutawanyika kwa Kivu, yanaonekana hayahusiani. Yanahusiana sana. Tuzo ya kocha bora ni njia ya kusema hadharani kazi gani ina thamani. Na mpaka leo, katika soka la wanawake la Kongo, kazi inayofanywa na makocha wengi zaidi, ile ya kumzuia msichana asipotee, haijapata mtu wa kuitaja kwa sauti.

Tuzo za dunia zinasema nini

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Swali ni nani anayekitazama chanda, na anakitazama kutoka wapi.

FIFA ilianza kumtuza kocha bora wa soka la wanawake mwaka 2010. Kuanzia mwaka huo hadi 2024 tuzo zimekuwa 15. Wanaume walizitwaa 3: Norio Sasaki wa Japani mwaka 2011, Ralf Kellermann wa Wolfsburg mwaka 2014, na Reynald Pedros wa Lyon mwaka 2018. Nyingine 12 zilikwenda kwa wanawake, lakini wanawake hao ni watano tu: Silvia Neid, Pia Sundhage, Jill Ellis, Sarina Wiegman na Emma Hayes. Wiegman peke yake alichukua 4 katika miaka hiyo.

Hesabu hiyo ina sura mbili. Sura ya kwanza inatia moyo: mwanamke akipewa timu nzuri, muda na vifaa, anashinda, na anashinda kuliko wanaume walio karibu naye. Emma Hayes alikaa Chelsea tangu 2012, akaondoka mwaka 2024 akiwa na mataji 7 ya ligi ya Uingereza, na mwaka huo huo akaipa Marekani medali ya dhahabu katika michezo ya Olimpiki ya Paris. Wiegman alilibeba kombe la Ulaya na Uholanzi mwaka 2017, kisha na Uingereza mwaka 2022 na 2025.

Sura ya pili inauma. Katika orodha yote ya FIFA hakuna hata kocha mmoja Mwafrika. Na wanawake wanaopewa timu kubwa bado ni wachache: katika Kombe la Dunia la 2023, kati ya timu 32, ni 12 tu zilizokuwa na kocha mwanamke. Afrika ilipeleka timu 4, na mwanamke pekee aliyesimama kwenye benchi kama kocha mkuu wa timu ya Afrika alikuwa Desiree Ellis wa Afrika Kusini. Ndiyo maana watano wale wanapokezana tuzo. Si kwamba wengine hawana akili ya mpira. Mlango ni mwembamba, na waliopita ni hao.

Ellis hakuanzia kwenye sherehe

Afrika ina mfano wake mzuri, na mfano huo ni Desiree Ellis mwenyewe. CAF ilimtuza kocha bora wa wanawake mwaka 2018, 2019, 2022 na 2023. Mwaka 2022, mjini Rabat, aliipa Afrika Kusini kombe la Afrika kwa kuifunga Moroko 2-1. Mwaka uliofuata aliipeleka timu hiyo hatua ya mtoano ya Kombe la Dunia, jambo ambalo Afrika Kusini ilikuwa haijawahi kulifanya upande wa wanawake.

Lakini kabla ya tuzo ya kwanza kulikuwa na miaka 25. Ellis alicheza katika timu ya kwanza kabisa ya taifa ya wanawake ya Afrika Kusini, mwaka 1993, nchi ile ilipokuwa ikitoka katika ubaguzi wa rangi. Baadaye akawa kapteni, kisha msaidizi wa kocha, kisha kocha wa muda, ndipo akawa kocha mkuu. Katika miaka hiyo yote kulikuwa na watu waliomfundisha, waliomfungulia kiwanja, waliomkubali msichana katikati ya wavulana. Watu hao hawakuitwa jukwaani.

Wiegman naye, kabla ya kuitwa kocha bora wa dunia, alikuwa mwalimu wa michezo shuleni huko Uholanzi. Alipokuwa mtoto alikata nywele zake fupi ili acheze na wavulana, kwa sababu timu za wasichana hazikuwepo. Mama yeyote wa Katindo au wa Kadutu anayemwona binti yake akiukimbilia mpira wa matambara na kaka zake anaielewa habari hiyo bila mkalimani.

Kwa hiyo tuzo kubwa ni paa la nyumba. Kongo ilionyeshwa paa lake mwaka 2024, na ni paa zuri. Kuta je?

Kombe ni dalili, si ushahidi wote

Kuna watakaosema: mpira ni matokeo, kocha bora ni yule anayeshinda, hayo mengine ni maneno ya mashirika. Hoja hiyo ina nguvu, na haifai kudharauliwa. Mchezaji naye anataka kushinda. Msichana wa Mazembe hakwenda El Jadida kuhesabiwa huruma.

Hata hivyo, FIFA yenyewe imeshaonyesha kwamba kombe pekee halitoshi. Mwaka 2023 Hispania ilichukua Kombe la Dunia la wanawake kwa kuifunga Uingereza 1-0 mjini Sydney. Kocha aliyeshinda fainali ile alikuwa Jorge Vilda. Tuzo ya kocha bora wa mwaka huo ilikwenda kwa Sarina Wiegman, kocha aliyeshindwa katika fainali hiyo hiyo, na Vilda hakuwamo hata kati ya watatu wa mwisho. Sababu haikufichika kwa aliyefuatilia: mwaka mmoja kabla, Septemba 2022, wachezaji 15 wa Hispania waliiandikia shirikisho lao kwamba hali ilivyo katika timu inawaumiza na hawataki kuitwa mpaka ibadilike. Kombe lilikuja, lakini malalamiko ya wachezaji hayakufutika. Wiki mbili baada ya fainali Vilda aliondolewa kazini.

Wiegman alipopokea tuzo ya UEFA tarehe 31 Agosti 2023, aliitoa kwa wachezaji wa Hispania, timu iliyomfunga, akaomba ukumbi uwapigie makofi. Pale tuzo ilifanya kazi ambayo kombe haliwezi: iliwapa sauti watu waliokuwa hawasikilizwi.

Vilda baadaye alipewa timu ya Moroko, na ndiye aliyekuwa kwenye benchi la pili mwezi Julai 2025 Moroko ilipoifunga Kongo 4-2 katika kombe la Afrika. Kongo ilitoka katika kundi lile bila pointi, baada ya kufungwa pia na Senegali na Zambia. Wakongo wenye umri wanakumbuka kwamba mwaka 1998, katika kombe hilo hilo, Kongo ilikuwa ya tatu Afrika. Klabu moja ya Lubumbashi ilifika kileleni mwaka 2024, timu ya taifa ikabaki chini kwenye kundi mwaka 2025. Nafasi hiyo kati ya kilele na chini ndiyo kazi ambayo haijafanyika, na ni kazi ya makocha wa chini, wa miji na wa mitaa, Kinshasa, Kisangani, Bunia, Goma, Bukavu, Kalemie.

Ikumbukwe pia kwamba kocha aliyeipa Mazembe kombe ni Mmoroko. Hakuna ubaya wowote hapo. Alifanya kazi, akashinda, akatuzwa, na Kongo inamshukuru. Lakini Moroko haikupata makocha wanawake kwa bahati. Iliwekeza katika ligi ya wanawake, katika vituo vya mafunzo, katika masomo ya ukocha. Swali la Kongo ni jepesi kuuliza na gumu kujibu: Boumehdi wa Kikongo yuko wapi sasa hivi, na nani anamlipia masomo ya ukocha?

Kocha wa kambini anafanya nini hasa

Umoja wa Mataifa umehesabu watu zaidi ya milioni 7 waliokimbia makwao ndani ya Kongo. Kati yao kuna wasichana wasiohesabika wenye umri wa kucheza mpira. Anayetaka kuelewa kazi ya kocha wao asianze na mbinu za mchezo. Aanze na saa kumi alasiri.

Saa hiyo msichana aliye katika familia ya wenyeji, au katika shule iliyogeuzwa makazi, ana kazi nyingi: kuchota maji, kutafuta kuni, kulea wadogo, kuuza ndizi au mkaa barabarani. Barabara ya kuni ni barabara ya hatari, kila mama anajua. Kocha anayewakusanya wasichana 20 kiwanjani saa hiyo, mara tatu kwa juma, anajua nani hakuja. Akiona mmoja amekosa mara mbili, anauliza. Anakwenda kwa mzazi. Anagundua kwamba kuna mpango wa kumwoza, au kuna ugonjwa, au ameanza kazi ya usiku. Mara nyingine anafaulu kumrudisha, mara nyingine hapana.

Kazi hiyo haina alama kwenye ubao wa matokeo. Timu yake inaweza kufungwa 6-0 Jumapili kwa sababu kipa alihama Alhamisi na familia yake. Kwa hesabu ya kawaida, kocha huyo ameshindwa. Kwa hesabu ya mama wa wale 20, ni mmoja wa watu wenye faida kubwa mtaani.

Na kuna upande mwingine ambao lazima usemwe bila kuzunguka. Wazazi wengi hawawaruhusu mabinti kwenda mpirani kwa sababu wanamwogopa kocha. Wanaogopa yule anayempanga msichana uwanjani kwa malipo ya siri, anayemwita peke yake, anayeahidi safari. Hofu hiyo ina sababu. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji: tuzo ikipewa mtu bila kuwauliza wasichana wake, inaweza kumpa mbaya ngao ya kujifichia. Ndiyo maana tuzo ya aina hii inatakiwa kutolewa kwa uangalifu kuliko ile ya makombe.

Tuzo ya Kikongo inawezekana, na haina gharama kubwa

FECOFA, ligi za majimbo na redio za jamii zingeweza kuanzisha tuzo ya kila mwaka ya kocha wa soka la wasichana, jimbo kwa jimbo, pamoja na wale walio nje ya jimbo kwa sababu ya vita. Haihitaji ukumbi wa Marrakech. Inahitaji daftari, kalamu na watu waaminifu. Maswali manne yangetosha.

La kwanza: wasichana wangapi walianza msimu na kocha huyu, na wangapi bado wako naye au anajua waliko? Kwa timu iliyotawanywa na vita, kujua waliko ni ushindi. Kocha aliye na majina yote 20, na namba za simu za wazazi au majirani zao, amelinda kitu ambacho hata serikali haina.

La pili: wachezaji wenyewe wanasema nini? Waulizwe na mwanamke, kila mmoja peke yake, bila kocha kuwapo. Akipatikana mmoja mwenye malalamiko mazito, jina la kocha liwekwe pembeni na jambo lifuatwe kwa wanaohusika. Somo la Hispania ni hilo: malalamiko ya mchezaji yasingoje mpaka baada ya kombe.

La tatu: wangapi wamebaki shuleni, au wamejifunza ufundi? Mpira wa msichana wa Kongo bado haumlishi mtu isipokuwa wachache sana. Kocha anayewaambia wasichana waache darasa kwa ajili ya mazoezi anawadanganya.

La nne: kocha amemfundisha nani kazi yake? Katika kila timu kuna msichana mmoja au wawili wenye jicho la mpira, wanaopanga wenzao, wanaojua kuongea na wadogo. Kocha aliyempa mmoja wao filimbi na kumwachia mazoezi ya watoto amepanda mbegu. Huko ndiko makocha wanawake wanakotoka.

Zawadi isiwe sanamu ya kuweka kabatini, maana wengi hawana kabati. Iwe nafasi ya kusoma leseni ya CAF, kuanzia ngazi ya D, pamoja na nauli na chakula cha siku za masomo. Iwe mipira 10 na viatu. Kocha wa mtaani akipata leseni, siku klabu kubwa itakapomtafuta mwanamke wa kusimamia timu yake, hakuna atakayesema hakuna mwenye karatasi. CAF inazidai klabu za wanaume zinazotaka kucheza mashindano yake ziwe pia na timu ya wanawake. Timu hizo zinahitaji makocha, na makocha hao hawashuki kutoka mbinguni.

Na ili tuzo isigeuke ya marafiki, kura ziwekwe wazi. Katika tuzo za FIFA, makocha wa timu za taifa, makapteni, waandishi wa habari na mashabiki wote wana sehemu, na kura ya kila kocha, kapteni na mwandishi huchapishwa kwa jina lake, ya Kongo ikiwemo. Ikiwa Zurich wanaweza kuonyesha nani alimchagua nani, kamati ya Goma, ya Uvira au ya Beni inaweza kusoma majina yake redioni.

Kuhusu wale watakaouliza kama huu ni wakati wake

Familia inayolala chini ya turubai ina haki ya kuuliza: tuzo ya kocha inajaza sufuria gani? Haijazi sufuria. Wala haimalizi vita, na yeyote atakayeahidi hivyo asisikilizwe. Chakula, dawa na usalama ni deni la wenye mamlaka na wenye bunduki, na mpira hauwezi kulilipa deni hilo.

Lakini familia hizo hizo zimekuwa zikijibu swali hilo kwa vitendo. Kila mahali watu wa Kivu wanapopata kipande cha ardhi tambarare, iwe kambini Burundi au Uganda, watoto wanakipigia mistari. Wasichana nao wanakuja. Na karibu kila mara yuko mtu mzima mmoja, mwalimu asiyelipwa mshahara kwa miezi, mchezaji wa zamani, dada mkubwa, anayesimama pembeni na kuwagawa timu mbili. Mtu huyo anafanya kazi ya bure ambayo inawarudishia watoto saa mbili za kuwa watoto. Asipoonekana na mtu, siku moja atachoka na kuondoka kutafuta maisha, na kiwanja kitabaki.

Kumtaja si anasa. Ni kumpa sababu ya kurudi kesho.

Basi FECOFA na ligi za majimbo zianze na daftari hilo msimu huu, bila kungoja vita viishe, kwa sababu wasichana hawaachi kukua wakati wa vita. Redio za jamii zifungue vipindi vyake kwa wazazi na wachezaji wawataje makocha wanaowaamini, na waseme kwa nini. Na kocha aliyetawanyika na timu yake, popote alipo leo, aandike majina ya wasichana wake kwenye karatasi kabla hayajasahaulika: jina, umri, alikotoka, alikoonekana mara ya mwisho. Siku tuzo hiyo itakapokuja, karatasi hiyo itakuwa na uzito kuliko kombe. Na hata isipokuja, mama fulani atakayepita akimuulizia binti yake atapata pa kuanzia.